Kabati la Mninga Limebabuka? Usiliuze Bado

Ndugu msomaji, najua umezoea kunisoma nikizungumzia michikichi, maharage na namna ya kukausha dagaa. Leo naomba univumilie. Nitaingia ndani ya nyumba yako na kusimama mbele ya kabati la vyombo.

Sababu yangu ni ya kikazi kabisa. Kila baada ya mavuno nikipita vijijini naona fedha iliyotoka shambani au ziwani ikiingia kwenye kabati jipya, huku la zamani likitolewa nje, linyeshewe, mwisho kuku watagie humo. Mwezi wa kumi unapofika, mtu huyohuyo ananiambia, "Bwana shamba, mwaka huu mbolea siiwezi." Mimi nakumbuka kabati lake.

Msimamo wangu nausema mapema ili usinisubiri mpaka chini: kama kabati lako ni la mbao halisi, na kiunzi chake bado kimesimama, kulibadilisha kwa sababu vanishi imebabuka ni hasara. Lipigwe msasa, lirekebishwe, lipakwe upya. Hiyo fedha nyingine ina kazi.

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa uzito mwaka 2024, wakati Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wanaoishi kwa dagaa na migebuka wanajua miezi ile mitatu ilikuwaje. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, ambaye namheshimu kama mama yangu, alinipigia simu. "Mwanangu, pita nyumbani unishauri jambo." Nikadhani ni kuku, maana alikuwa na kuku wengi na kideri kilikuwa kinazunguka mtaani.

Nikafika, shikamoo, marahaba, nikakalishwa. Akanionyesha kabati. Lilikuwa refu, la milango minne, miwili ya vioo juu na miwili ya mbao chini, alilotengenezewa na marehemu mume wake walipohamia nyumba ile. Vanishi ilikuwa imekuwa nyeusi kwa moshi na mafuta, pembeni imebanduka magamba kama ngozi ya mjusi. Chini maji ya kudekia yalikuwa yameacha alama nyeupe. Mlango mmoja ulikuwa unaning'inia kwa bawaba moja. Kuna mtu alikuwa amekuja kumwambia atalichukua kwa bei ambayo mimi naiita bei ya kuni, halafu amletee la kisasa, jeupe, lenye maua, kwa kulipa kidogo kidogo. Wageni wa posa ya binti yake walikuwa wanakuja mwezi wa nane. "Sasa wakikuta hili," akaniambia, "si watasema nimeishiwa?"

Nikaomba kisu. Nikakwaruza kidogo nyuma ya mguu, mahali pasipoonekana. Chini ya ule weusi mbao ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yenye michirizi. Mninga mtupu. Fedha aliyotaka kutanguliza kwa lile kabati jeupe ilikuwa ndiyo mtaji aliouficha wa kununulia dagaa siku ziwa likifunguliwa.

Kabla hujaniona mjuaji, niseme langu. Nilipoajiriwa tu, mshahara wa miezi ya mwanzo, nilinunua kabati la jikoni linalong'aa. Sikuuliza limetengenezwa kwa nini. Lilikuwa ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi, juu yake karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao. Masika ya kwanza milango ilivimba pembeni. Masika ya pili karatasi ikaanza kujikunja, na mende wakahamia katikati yake. Nina stashahada ya kilimo, nimesomeshwa jinsi unyevu unavyoingia kwenye punje ya mahindi, na bado nilinunua kabati la maranda nikaliweka karibu na ndoo ya maji, mita chache kutoka ziwani. Kwa hiyo ninapokushauri, ninakushauri kama mtu aliyekwisha lipa ada.

Kwanza jua ulichonacho. Fungua mlango, tazama ubavu wa mbao pale ilipokatwa. Ukiona nyuzi zinaendelea kutoka juu hadi ubavuni, ni mbao. Ukiona matabaka kama mkate wa kukunja, ni plaiwudi. Ukiona chembechembe au unga uliobanwa, ni ubao wa maranda. Makabati mengi ya zamani huku kwetu ni mninga, mvule, mkongo au mtundu, na mengi yana plaiwudi mgongoni. Mgongo wa plaiwudi ukioza haimaanishi kabati limekufa. Unabadilishwa kwa karatasi moja ya plaiwudi nyembamba na misumari midogo.

Kuhusu mninga nina la kuongeza, na hapa ndipo kazi yangu inapoingia. Mche wa mninga porini una tabia inayochosha kuitazama: kila kiangazi shina lake dogo hufa, mvua zikija huchipua tena kutoka mzizini, na unaweza kufanya hivyo miaka kadhaa kabla haujapata nguvu ya kusimama na kwenda juu. Baada ya hapo ni miongo mingi mpaka ufikie unene wa kupasuliwa mbao. Mti uliotengeneza kabati la yule mama inawezekana ulikuwa umesimama kabla babu yake hajazaliwa. Leo ukitaka mninga kwa halali unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na mafundi wenyewe watakuambia mbao nzuri zinatoka mbali na zinapanda bei kila mwaka. Halafu ni mbao inayotulia. Haipindi ovyo kiangazi wala kuvimba sana masika, na mchwa hauipendi. Unaiuza kwa bei ya kuni, unapokea maranda!

Sasa kazi yenyewe. Anza kwa kulitoa kabati nje, kivulini, ukalimwaga vyombo vyote na kung'oa milango, bawaba na vitasa. Weka skrubu kwenye kopo moja, usije ukatafuta moja moja mchangani.

Kosa kubwa la huku kwetu ni kupaka vanishi mpya juu ya mafuta. Jikoni mwetu tunapika kwa mawese. Hata kama jiko liko nje na kabati liko ukumbini, mikono yenye mafuta inafungua mlango huo mara thelathini kwa siku. Vanishi haishiki juu ya mafuta. Itakauka, itang'aa wiki tatu, kisha itabanduka. Kwa hiyo osha. Maji ya moto, sabuni, na magadi kidogo, kitambaa kilichokamuliwa, hasa kuzunguka vitasa na ukingo wa juu wa milango. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi, kisha futa kwa maji matupu na acha likauke siku nzima au mbili.

Na hapa naomba wanaotengeneza sabuni ya mawese wanisikilize. Najua mna kostiki nyumbani, na najua inaondoa vanishi na rangi kwa haraka sana. Usiitumie kwenye mbao hizi. Inaigeuza mbao kuwa nyeusi, inalainisha nyuzi, na ikibaki kwenye vinyweleo itaila vanishi mpya kutoka chini. Sijataja macho yako na vidole vyako.

Likishakauka, rekebisha kwanza kabla ya msasa. Maungio yaliyolegea usiyapigilie msumari. Yafungue taratibu, kwaruza gundi ya zamani, tia gundi nyeupe ya mbao, kaza kwa kamba na kijiti cha kuzungushia, acha mpaka kesho. Bawaba iliyong'oka mara nyingi ni tundu la skrubu lililopanuka. Chonga kijiti, kichovye gundi, kipigilie tundunimo, kikauke, ukate kichwa, kisha rudisha skrubu. Mlango wa yule mama uliokuwa unaning'inia ulihitaji hicho tu. Nyufa na matundu madogo jaza kwa unga wa msasa wa mbao hiyohiyo uliochanganywa na gundi, ili rangi isipishane sana.

Msasa ndio kazi ya jasho. Anza na mkali, namba 80, kuondoa magamba, kisha 120, umalizie na 180 au 220. Zungushia kwenye kipande cha mbao ili usichimbe mabonde kwa vidole. Fuata nyuzi, usikate nyuzi. Ukisugua kwa kuzungusha utaona mikwaruzo siku utakapopaka, na siku hiyo utakuwa umechelewa. Vaa barakoa, kwa maana vumbi la mninga linawasha pua na kubana kifua, na mwenye pumu asikae karibu kabisa. Kama kabati lina rangi ya mafuta ya zamani badala ya vanishi, usilisugue kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Lisugue kwa msasa wa maji likiwa limelowa, mbali na nyumba, na yale matope uyakusanye na kuyafukia mbali na bustani na kisima.

Si lazima ufike mbao tupu kila mahali. Palipobanduka, ondoa mpaka pale vanishi inaposhika kwa nguvu. Sehemu iliyo imara iondolee mng'ao tu. Hapa mafundi wengine hubishana nami, wanataka kila kitu kitoke. Kwa kabati la biashara labda. Kwa kabati la nyumbani linalotumika kila siku, sioni sababu ya kumaliza msasa wa watu wawili.

Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, subiri likauke, ndipo upake. Soma kopo uone vanishi yako inachanganywa na tina au na tapentaini, maana zikichanganyikana vibaya inaganda madonge. Mkono wa kwanza iwe nyepesi ili inywewe na mbao. Ikikauka, pitisha msasa laini kidogo tu, futa, paka mkono wa pili, kisha wa tatu. Mikono mitatu myembamba inadumu kuliko mmoja mzito unaotiririka. Usisahau chini ya miguu na mgongoni. Maji ya kudekia yanapanda kupitia chini ya miguu, na hapo ndipo makabati mengi ya Ujiji na Kigoma mjini yanapoanzia kufa. Ukiweza, yainue juu ya vipande vya tofali au vigae. Na wakati wote huo moto uwe mbali, jiko la mkaa na sigara pia. Mvuke wa tina unashika moto kabla hujauona.

Wakati mzuri kwetu ni kiangazi, Juni hadi Septemba. Masika hewa ya ziwani ni nzito, vanishi inachelewa kukauka na nyingine inapata ukungu mweupe. Ukimaliza, acha milango wazi angalau wiki moja kabla ya kurudisha unga na mafuta. Mawese yanashika harufu ya vanishi na huwezi kuitoa tena.

Kuna watu wanaokwepa gharama ya vanishi kwa kupaka mawese yenyewe kwenye mbao. Nimeulizwa hili zaidi ya mara moja, na swali si la kijinga, maana mafuta tunayo. Lakini mafuta yako ya aina mbili. Yapo yanayokauka yakikutana na hewa na kuwa ngozi ngumu, kama yale ya mbegu za kitani ambayo madukani wanayaita linsidi. Mawese hayamo katika kundi hilo. Yanabaki mafuta miaka yote, yanashika vumbi, yanachacha, yanaita mende na panya. Na hata ukitumia hayo ya kitani, vitambaa ulivyopakia visiviringwe na kutupwa pembeni, kwa sababu vinaweza kujipasha moto vyenyewe hadi kuwaka. Vianike vikiwa vimetandazwa, au vitie kwenye maji.

Sasa kuhusu vitundu vidogo vinavyotoa unga. Ukiona unga mpya, mweupe au wa njano, unaoanguka kila siku, yupo mdudu ndani. Anaweza kuwa mtoboa mbao wa kawaida. Lakini kama unaweka magunia ya mahindi kando ya kabati, mtazame pia dumuzi, yule aliyepewa jina la Skania, aliyeonekana mara ya kwanza hapa nchini kule Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dumuzi hatoboi mahindi tu, anatoboa na mbao na kuishi humo akisubiri mavuno yako mengine. Tenganisha magunia na kabati, anika kabati kwenye jua kali siku kadhaa, badilisha ubao ulioshambuliwa sana, ziba matundu, kisha paka. Dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi ina vipimo vyake kwa gunia. Usiinyunyize kabatini kwenye sahani na vikombe. Na dawa za shamba zisikae humo hata siku moja, hata kama kuna rafu moja tupu.

Kwa mwenye kabati la maranda kama langu, ushauri ni mfupi. Likishavimba halirudi, ubao huo badilisha. Kama limebanduka tu na ndani bado ni kavu na gumu, ukanda wa pembeni unaweza kurudi kwa pasi ya moto wa wastani juu ya kitambaa, hata pasi ya mkaa, kisha ubane kwa mkono mpaka upoe. Uso mzima uliobanduka ubandue wote, pitisha msasa laini, paka rangi ya mafuta mikono miwili au mitatu, hasa kwenye kingo. Rangi ya maji ikigusa maranda wazi yanavimba. Yale makaratasi ya maua ya kubandika juu sitayashauri. Yanaficha unyevu, na ukiyabandua mwaka unaofuata utakuta makazi ya mende.

Ziko hoja za kunipinga, na moja nimeisikia kutoka kwa fundi rafiki yangu: "Mtaalamu, ukiwaambia watu wasinunue, sisi tule wapi?" Namjibu kwamba kukarabati pia ni kazi, na mteja wa kukarabati halipi mbao, analipa mikono. Mama wa Kibirizi hakusugua mwenyewe. Aliita kijana fundi wa mtaani, wakakubaliana siku tatu za kazi, mimi nikashika msasa jioni mbili kwa sababu ya heshima. Vifaa vyote, yaani msasa, vanishi, tina, gundi, brashi na bawaba moja, havikufika elfu sitini. Bei zinabadilika, uliza dukani kwako, lakini linganisha na bei ya kabati jipya hata la maranda.

Hoja ya pili, ya aibu, ni ngumu zaidi kuijibu. Watu wetu wanapima nyumba kwa vilivyomo. Kitu cha zamani kinasomeka kama umaskini. Mimi nawaambia watazame bandarini. MV Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande na kuunganishwa hapa. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wakati wa vita, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Hakuna mtu wa Kigoma aliyewahi kuiona aibu meli ile kwa sababu ilipigwa msasa. Na wavuvi wetu, je? Mtumbwi ukivuja wanautia kalafati, ubao uliooza wanautoa na kuweka mwingine, hawanunui mtumbwi mpya. Kwa nini akili hiyo inaishia ufukweni, haipandi hadi nyumbani?

Wapo ambao kweli wanapaswa kununua. Kabati ambalo mchwa umekula nguzo zote nne, au maungio yameoza hadi unaingiza kidole, mwache fundi achukue vioo na bawaba, mengine yawe kuni. Na mwenye fedha iliyobaki baada ya ada, mbegu na mtaji, anunue akipendacho, sina kesi naye. Ninayemzuia ni yule anayetoa fedha ya miche ya michikichi ya Tenera, ambayo ikitunzwa itaanza kumpa mazao baada ya miaka kama mitatu, akaiweka kwenye mlango mweupe wa maranda.

Wageni wa posa walikuja mwezi wa nane. Nilikuwepo, nimekaa karibu na kabati, na mzee mmoja wa upande wa pili aliinuka, akapapasa mlango, akauliza fundi ni nani. Siku chache baadaye ziwa lilifunguliwa, na asubuhi ya kwanza mama alikuwa Kibirizi na ndoo zake na mtaji wake wote. Alama moja nyeupe ya maji ilikataa kutoka mguuni, kushoto. Nilimwambia tunaweza kuipaka rangi nyeusi kidogo isionekane. Akakataa. Anasema hiyo ni ya mwaka maji yalipoingia ndani, marehemu akiwa hai.